Nyumba ya Bibi Maji

Kabula mwanangu,

Usicheke mwandiko. Mkono huu umezoea spana kuliko kalamu, na barua ndefu ya mwisho niliandika wakati namchumbia mama yako, naye akaisoma mbele ya dada zake, wakacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Sasa amelala. Begi lako amelifunga, akalifungua, akalifunga tena. Mambo ya neti, dawa za tumbo, nguo za kanisani na watu ambao usile kwao ameshakuambia yote, kwa hiyo hapo sina la kuongeza.

Barua hii naitia kwenye mfuko wa michembe, viazi vyako vya kukausha, juu kabisa, kwa sababu nakujua, huwezi kufika mbali bila kuufungua. Basi likisimama Lamadi na wauza samaki wakijaa madirishani, wewe kaa usome. Isome kabla hujafika Mwanza, maana huko kuna mtu anakusubiri stendi na mkataba wa kupanga nyumba, na mimi sitaki uusaini kabla hujajua ninachokijua.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nilijaribu leo ulipokuwa unapiga pasi. Nikaja nikasimama mlangoni, nikaishia kukuuliza kama mabasi ya siku hizi yanabeba tairi la akiba. Kwenye simu nako huwa unanikatisha. Basi nimeona niandike.

Wakati tunakula ulikuwa na furaha sana. Ulisema umepata chumba na sebule, choo cha ndani, maji hayakatiki, na kazini unakwenda kwa miguu. Ukasema mwenye nyumba mmeongea naye kwenye simu na kumbe ni Msukuma mwenzetu, asili yake Dutwa. Akakuuliza wewe ni wa nani, ukamtajia ukoo, akacheka, akakuambia, "Kumbe wewe ni mjukuu wangu kabisa." Tangu hapo haitaki tena ile barua ya mwajiri aliyokuwa anaidai. Kwa mwenyekiti wa mtaa nako hakuna haja ya kwenda, mtamalizana wenyewe kifamilia. Anachotaka ni usaini kesho hiyo hiyo ukishuka kwenye basi, kwa sababu chumba kinagombaniwa.

Mama yako akamshukuru Mungu. Mimi nikaacha kula. Ukaniuliza kama mboga ina chumvi nyingi, nikasema nimeshiba.

Halafu ukatuonyesha ile video ya dalali. Sebule, chumba, bomba linafunguliwa maji yanatoka, dalali anaongea kama anatangaza mpira. Anasema mpangaji wa zamani alishahama zamani, chumba ni kitupu, ni wewe tu. Nikakuomba uirudie. Ukairudia. Nikakuomba tena, ukaniambia, "Baba leo umependa video." Sikuwa naangalia bomba. Kwenye kona ya jikoni, chini ya dirisha, kuna beseni la bluu, na ndani ya beseni kuna maharage yamelowekwa. Yamekwishavimba. Ni maharage ya mtu anayetegemea kupika siku hiyo.

Nilitaka kusema pale pale, lakini ningesema hivyo ungeniambia baba, maharage tu. Na ungekuwa na haki, kwa sababu hujui ninachokiona mimi nikiona kitu kama kile. Kukueleza hilo ni lazima nikupeleke kwenye ile nyumba ya nyuma ya soko, ambayo nimekuzungusha usiijue tangu ukiwa mdogo.

Najua unaikumbuka kidogo. Unaukumbuka mlango wa kijani na yule bibi aliyekuwa anakuletea michembe. Wewe ndiye uliyempa jina, Bibi Maji, kwa sababu kila akija alikuwa anaomba maji ya kunywa. Miaka yote umekuwa ukiniuliza alikwenda wapi, nami nikakuambia alihamia kwa watoto wake. Hakuwa na watoto, Kabula.

Nyumba ile niliipata kwa salamu. Nilikuwa ndiyo nimeoa, kijana wa kijijini niliyekuja mjini na pampu moja na viraka, nikapata kibanda cha kutengenezea baiskeli karibu na stendi. Akaja mzee mmoja anaitwa Sayi, tairi la nyuma limetoboka. Mtu mtaratibu, kofia safi, sauti ya chini. Nikaziba pancha huku tunasalimiana, na unajua kwetu salamu haiishi kwenye kujuliana hali. Akaniuliza mimi ni wa nani, baba yangu ni wa wapi, bibi yangu alitoka kwa akina nani. Tukahesabu pale, tukapanda, tukashuka, tukakutana mahali. "Basi mimi ni baba yako mdogo," akasema, "na wewe ulikuwa unalala wapi muda wote huu bila kuja kunisalimia?"

Nikaona aibu ya kweli, kama vile nilikuwa nimemkosea. Pesa ya pancha sikuichukua. Akaniambia ana nyumba nyuma ya soko, imekaa tu, hapendi kuwapa watu wasiojulikana. Nilikuwa nalala na mama yako kwenye chumba kimoja kinachovuja, na mama yako alikuwa anakutarajia wewe. Nikaenda kuiona siku hiyo hiyo.

Ilikuwa nzuri. Vyumba viwili, sakafu ya saruji, ua mpana wenye uzio wa miti. Katikati ya ua, upande jua linapochomoza, palikuwa na sehemu imeinuka kidogo, imesawazishwa juu kwa udongo mgumu. Nikauliza pale pana nini. Akajibu, "Lilikuwa zizi la marehemu kaka." Hilo ndilo swali pekee nililouliza, na jibu lake lilikuwa na kila kitu ndani yake kama ningekuwa na akili ya kusikia. Kuna kaka aliyekufa. Kaka alikuwa na ng'ombe hapa. Basi kaka alikuwa na nyumba, na mwenye nyumba huwa na watu wake. Watu wake wako wapi? Sikuuliza.

Nikuambie kwa nini sikuuliza, maana hapo ndipo ilipo shida yangu yote. Si kwamba nilikuwa mjinga wa mikataba. Rafiki yangu mmoja wa stendi alinionya, akaniambia nenda ukaulize kwa majirani, nenda kwa mwenyekiti, mwambie akuonyeshe hata karatasi ya kununulia kiwanja. Lakini yule nilishamwita baba. Ukishamwita mtu baba, unamwambiaje akuthibitishie kwamba kitu chake ni chake? Ni kumtukana. Ningetukanwa na ukoo mzima kwa hilo, na mimi nilikuwa napenda kusifiwa kwamba nina adabu. Yeye mwenyewe akasema, "Mambo ya mihuri ni ya watu wasiojuana." Nikasaini karatasi moja ya daftari, nimeegemea kiti cha baiskeli ya mteja, nikaona nimependwa.

Ndiyo maana leo nimeacha kula. Neno lile lile, njia ile ile. Mtu akitaka kumnyamazisha mtu wa Mwanza atatumia maneno ya mjini, lakini akitaka kumnyamazisha mtoto wa huku kwetu Bariadi, anamuuliza ni wa nani.

Tulihamia, ukazaliwa. Mwaka ule mvua zilikuwa nzito, ndiyo maana ukaitwa Kabula. Siku za gulio akaanza kuja mama mmoja wa makamo, mwembamba, kitenge amekifunga vizuri, ametoka Ngulyati na kikapu cha michembe cha kuuza. Anabisha hodi, anapiga goti kidogo, anaomba maji. Mama yako anampa kwenye kile kikombe cha bati. Anakwenda kukaa chini, pembeni ya pale palipoinuka, anakunywa polepole, anakaa. Anakuita, anakupa michembe, anakushika kichwa. Halafu anarudisha kikombe, anasema, "Wabeja, mayu," asante mama, anaondoka.

Hatukumuuliza jina. Mtu akiomba maji humuulizi jina. Mahali pale palipoinuka sisi tulikuwa tumepafanya pa kuanikia, mahindi, mtama, nepi zako. Maji ya kufulia mama yako alikuwa anayamwaga hapo pembeni, kwa sababu udongo wake ulikuwa unakauka upesi.

Mama yako ndiye aliyeanza kushtuka. Kumbuka hilo siku ukiolewa, na mumeo akumbuke zaidi. Aliniambia, "Yule mama anakaa kama mtu aliyefika kwake. Hajawahi kuuliza choo kiko wapi, anakwenda tu." Nikamjibu kwamba vyoo vyote viko nyuma ya nyumba. Niliona nimejibu vizuri, nikaendelea kula.

Yeye alikwenda kwa jirani, mama mmoja aliyekuwa anasuka mikeka na ambaye alikuwa hatuchangamkii tangu tulipohamia. Nilidhani ni mtu wa kununa. Kumbe alikuwa anatuona ni watu wa Sayi. Mama yako alipokaa naye akamwambia yote. Nyumba ilikuwa ya kaka mkubwa wa Sayi na mkewe, walijenga wenyewe, matofali walifyatua wao kwa mikono yao. Kaka akafa. Matanga yalipokwisha, Sayi na wenzake wakamwambia mjane aende akapumzike kwao Ngulyati, apoe, watamfuata. Aliporudi akakuta kufuli jipya. Kwa kuwa hakuzaa, wakamwambia hana anachokaa kukisubiri.

Na marehemu, kama desturi, alizikwa nyumbani kwake, pembeni ya zizi lake. Sayi aling'oa msalaba na mawe, akasawazisha, ili nyumba ipangike.

Mama yako alinisubiri mlangoni siku hiyo. Wewe alikuwa amekubeba ingawa ulishakuwa mkubwa wa kutembea. Akasema, "Tunaanika mahindi juu ya mtu."

Tuliacha kuanika pale. Nataka ujue hivyo, na nataka ujue pia kwamba hatukufanya kingine. Maji ya sabuni hatukuyafikiria hata. Yule mama aliendelea kuja, tukaendelea kumpa maji, sasa tukijua, yeye akijua kwamba tunajua, maana mama yako alianza kumtandikia mkeka. Na mimi nilianza kuchelewa kurudi siku za gulio. Niliona nikimkuta nitalazimika kusema kitu.

Kisha Sayi akaja kibandani. Tairi lilikuwa zima. Akasema yule mke wa marehemu kaka amekwenda kushtaki, kuna baraza litakaa, na mimi nitaitwa kama mpangaji. "Sikwambii useme uongo," akasema. "Mimi sipendi uongo. Utaulizwa mkataba ulisaini na nani na kodi unampa nani. Jibu hayo, usiongeze yako." Akaninunulia soda. Akaniambia kodi haitapanda, na nyumba ni yetu mpaka mjukuu wake Kabula aolewe.

Nilikuwa na la kufanya, mwanangu. Nisikudanganye kwamba nilibanwa. Ningeweza kuhama, kurudi kwenye chumba kinachovuja. Lakini mama yako alikuwa na ujauzito mwingine, ule uliokuja kutoka, na masika yalikuwa mlangoni. Nikajiambia kwamba kusema kweli si dhambi. Niliirudia sentensi hiyo njia nzima.

Barazani palikuwa na mabenchi mawili. Kwenye moja walikaa Sayi na wanaume wa ukoo. Kwenye lingine alikaa yule mama peke yake, na kikapu chake miguuni. Nilipoingia akaniona, na uso wake ukabadilika, ukafurahi. Akasogea kwenye benchi akanipisha nafasi. Alidhani nimekuja kwa ajili yake.

Nikapita nikaenda kukaa upande wa pili.

Wakamwita kwa jina, nikalijua siku hiyo. Anaitwa Mbuke. Akasema yake, kwa Kisukuma zaidi, na alikuwa haongei kwa nguvu. Wakamuuliza shahidi wake ni nani, akaangalia mlangoni. Yule jirani wa mikeka alikuwa ameahidi kuja, hakuja, na simlaumu, maana alikuwa anabaki kuishi pale. Nikaitwa mimi. Mkataba ulisaini na nani? Na mzee Sayi. Kodi unampa nani? Mzee Sayi. Kuna mtu mwingine yeyote aliyewahi kukudai kodi au kukuambia utoke? Hakuna. Yote kweli. Yule mama hajawahi kunidai kitu isipokuwa maji. Kisha mzee mmoja wa baraza, mtu mwenye huruma nadhani, akaniangalia sana akasema, "Una la kuongeza, kijana?"

Nikasema, "Sina."

Wale wazee waliamua kwa yaliyoletwa mbele yao. Mkataba wangu uliwekwa mezani, ile karatasi ya daftari, ikawa ni ushahidi kwamba Sayi amekaa na nyumba miaka yote bila mtu kumpinga. Saini yangu ndiyo ilimtoa yule mama, Kabula. Nilidhani natafuta pa kulala tu, kumbe nilikuwa nimeazimwa mkono.

Alikuja mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nyumbani, mama yako alikwenda kliniki. Akabisha hodi vile vile, akapiga goti vile vile, akaomba maji. Nilitamani anitukane. Nikamletea kwenye kikombe cha bati, maji mengine yakamwagika njiani. Akaenda pale, akamimina kidogo chini, akanywa yaliyobaki amesimama. Akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. Akasema, "Wabeja, baba. Nilikuwa naomba kitu kimoja. Maji ya sabuni msiyamwage hapo."

Ndiyo maneno yake yote. Nikamwambia sawa mama. Akakutafuta kwa macho, wewe ulikuwa umelala ndani, hakuuliza, akaenda.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Sayi alitutoa kabla ya mwaka kwisha, akasema amepata mtu anayetaka eneo lote kujenga fremu za maduka. Alinitoa kwa sauti ile ile ya chini, akiniita mwanangu. Leo pale wanauza mitungi ya gesi, na ua wote umepigwa saruji. Umeshawahi kunisema mbele ya wageni kwamba baba anazunguka soko zima ilhali kuna njia ya mkato. Sasa unajua sababu.

Unajua sasa na lile la maji. Mmenicheka humu ndani tangu mko wadogo kwamba mtu yeyote akibisha hodi akaomba maji, awe muuza mitumba au mtu wa luku ya umeme, ni mimi ninayeinuka, hata kama nimelala, hata kama mko wanne mmekaa. Na nasimama pale mpaka amalize. Mama yako hacheki. Kikombe ni kile kile.

Watu waliniambia yule mama amenifanyia kitu. Nilikuwa silali. Nikiwa kibandani nasikia mtu anapiga hodi, nainua kichwa, hakuna mtu. Nikapanda baiskeli mpaka Ipililo kwa mganga mmoja aliyesifiwa. Akaangalia vitu vyake muda mrefu, akaniambia hakuna mtu aliyenitupia chochote, hakuna hata anayeniwaza vibaya, niende nyumbani. Nililipa kwenda kuambiwa kwamba sisumbuliwi na mtu. Nilirudi nimechoka kuliko nilivyokwenda, kwa sababu ningekuwa nimerogwa kungekuwa na dawa.

Mwishowe nikaenda Ngulyati kumtafuta. Sijui nilitaka kumwambia nini. Nilikuwa nimebeba sukari na kitenge, kama mtu anayekwenda kumtembelea mama mkwe. Nikamkuta kaka yake anaranda mpini wa jembe. Akanionyesha kaburi la dada yake, lilikuwa bado halijaota nyasi. Nikajitambulisha kwamba mimi ndiye niliyekuwa napanga kwenye ile nyumba. Akaendelea kuranda. Baadaye akasema, "Sisi tulimwambia aache nyumba, tutamjengea hapa. Akasema nyumba waichukue. Alikuwa anataka waandike tu kwamba akifa alazwe pale kwa mumewe."

Lilikuwa ni hilo tu alilokuwa analitafuta. Ningejua kama ningemuuliza, alikaa uani kwangu miaka minne. Ningejua kama ningesema barazani kwamba mama huyu huja kila gulio kukaa penye kaburi la mumewe. Maneno machache. Labda wasingemrudishia nyumba, lakini pa kuzikwa wangempa, wale walikuwa wazee wa Kisukuma, wanajua maana ya jambo kama hilo.

Sasa wewe na mtu wako wa Dutwa.

Labda ni mtu mwema. Wapo wazee wanaopenda kweli kumkuta mtoto wa kwao mji wa watu, na maharage yale huenda ni ya mjukuu wake aliyekuja kufanya usafi. Nitakuwa nimekuharibia michembe yako bure, utanipigia unicheke, na mimi nitafurahi kuchekwa. Sikufundishi kuogopa wazee wala kukataa undugu. Mwite babu, msalimie kama tulivyokulea. Lakini undugu ni wa kunywea uji. Kwenye nyumba ya kupanga uliza maswali yote ambayo ungemuuliza mtu usiyemjua, na kama ni babu yako kweli hatakosa usingizi kwa sababu hiyo. Mimi nilichojifunza kwa Sayi ni kwamba mwenye nyumba wa aina ile haogopi umsomee mkataba, mkataba ameuandika mwenyewe. Anaogopa uongee na jirani. Ndiyo maana anataka akupokee stendi, ndiyo maana anataka iwe kesho.

Mimi sijui kule Mwanza kuna nini. Inawezekana kuna mpangaji ambaye kodi yake haijaisha, anafukuzwa kwa kuwa wewe mgeni utalipa zaidi. Inawezekana kuna mjane. Inawezekana yule babu si mwenye nyumba kabisa. Ninachojua ni kwamba yupo mtu aliyeloweka maharage asubuhi, na mtu mwingine akaingia na simu akapiga picha akasema chumba ni kitupu. Karatasi yako ikishasainiwa, huyo mtu ataonyeshwa wewe. Ataambiwa, mwenye chumba ni huyu hapa, ana mkataba. Utakuwa hujasema uongo hata mmoja, mwanangu, na saini hiyo utaibeba mpaka uzee.

Pesa hujatoa bado, namshukuru Mungu. Shangazi yako ana kitanda, nimeshamtumia ujumbe kwamba unaweza kufikia kwake, hata mwezi, hata miwili. Mdomo anao, utamvumilia. Chumba kingine kitapatikana.

Nakuomba jambo moja tu. Kesho ukishuka, usimtafute babu. Mwambie basi limeharibika njiani, huo uongo naubeba mimi. Shukia kwa shangazi, weka begi, halafu nenda kwenye ile nyumba peke yako, jua likiwa bado lipo. Usiingie kama mtu aliyekuja kuangalia chumba. Bisha hodi. Piga goti kidogo, kama unavyojua. Omba maji ya kunywa.

Atakayekuletea kikombe, kaa naye. Muulize jina lake.

Kisha nipigie. Nitakuwa macho.

Baba yako